Nyuma ya Mlango wa Kabati

Nyuma ya mlango wa kabati, pasipofika jicho la mgeni,
niliandika kwa chaki majina ya wanaonidai.
Nilianza na wasionitisha.

Shekuwe wa duka la Mkomani, elfu moja mia nane na arubaini:
sukari, unga, na ile dawa ya mbu niliyokana kuichukua.
Kikundi cha kina mama wa Langoni, elfu kumi na mbili.
Friji, ishirini na sita, na barafu yake haishiki.
Simu, elfu tisa.
Hii niliiandika chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kama mtu atajaye ugonjwa mbele ya watoto.

Wamesema kukopa arusi, kulipa matanga.
Kwangu arusi ilikuwa arusi kweli, ya Raya,
na biriani ilibaki, tukagawa hadi Jumanne.

Dada yangu Mwanamkuu akasema, anza na dogo,
ufute jina moja, upate pumzi.
Nikamwambia: la Shekuwe limelala.
Lililala elfu na mia nane, laamka elfu na mia nane.
La simu halilali. Nikizima taa, linazaa.
Nalikopa huku nikalipa kule, nikajiona mjanja,
kumbe nateka maji kwa pakacha.
Riba naijua tangu chuoni, kwa jina na kwa adhabu yake.
Ilipokuja ikijiita ada ya huduma
nikaifungulia mlango, nikaipa na kiti.

Basi nikaitoa laini, nikampa Mwanamkuu,
akaifunga katika pindo la leso, fundo mbili.

Shekuwe, mtu wa beti, hadai kwa mdomo.
Siku ile alifunga sukari kwa karatasi, ndani kaandika:

*Mwanakombo nakujia, kwa salamu na heshima,*
*Sukari umetumia, chai yako i salama,*
*Na unga umepikia, mahamri kila juma,*
*Sasa nami nasubiri, yangu yatarudi lini?*

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona haya.
Nikamrudishia karatasi ile ile, upande wa pili:

*Shekuwe usiwe mbio, langu jibu lipokee,*
*Kuna moto uwakao, kwanza huo niendee,*
*Wa pili kwa wadaio, subira nisogezee,*
*Mwezi wa tatu si mbali, lako ntakuja nalo.*

Nadarizi kofia. Zamani sikuhesabu vitobo.
Sasa kila kitobo nakijua kinakwenda kwa nani.
Safu hii ya simu. Na hii ya simu. Na hii.
Usiku macho yakiwasha naenda kunawa, narudi.
Mnunuzi wa Mkunguni alitaka kunipa nusu,
nusu nyingine mwezi ukiandama.
Nikaikunja kofia, nikaitia kwapani.
Alizitoa zote; zilikuwa mfukoni muda wote ule.

Hazikufika jikoni. Zilipita mlangoni na kwenda zao.
Tulikula kunde, tukala kunde,
mwanangu mdogo akauliza samaki wamekwenda wapi.
Wamekwenda kwa simu, nikamwambia.
Akaitazama simu siku nzima.

Jina lile nililifuta kwa kitambaa kibichi, Alhamisi, kabla ya alfajiri.
Chaki ilitoka. Alama yake haikutoka,
ukiinama kwenye mwanga bado waisoma.

Kwa Shekuwe nilikwenda mwezi wa nne, si wa tatu.
Alihesabu mara mbili, akapiga mstari daftarini.
Nilidhani ataniandikia ubeti. Hakuandika.
Akauliza tu, kalamu ingali mkononi:
"Na leo utachukua nini?"
"Sukari nusu kilo," nikasema,
nikaziweka pesa zake juu ya mizani
kabla hajaigusa sukari.

Nyumbani friji inanguruma.
Naisikia hata nikiwa uani.